Tupeane uzoefu: Duka liko Kariakoo, wateja wako Instagram. Hela inavujia wapi?

MzaniWaDuka (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa wenye fremu (chumba cha duka) au stoo wanaouza pia Instagram na WhatsApp. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na tangu hapo biashara ya mtandaoni kwetu, kwa sehemu kubwa, ni picha, inboksi, Lipa Namba (namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu) na bodaboda. Mzigo ukikataliwa, hasara ni yako peke yako. Leteni hesabu na hatua. Za "nilianza na elfu kumi" zina nyuzi zake.

Naanza na hesabu ya mfano. Kiatu unakinunua 18,000, unauza 30,000, usafiri analipa mteja anapopokea. Umepata oda 10, 3 zimekataliwa mlangoni. Faida ya pea 7 ni 84,000. Toa vifungashio 500 kwa kila oda, 5,000. Toa tangazo la kulipia, 20,000. Sasa zile 3: boda kwenda 5,000, kurudi 3,000, jumla 24,000. Umebaki na 35,000, yaani 5,000 kwa kila pea iliyouzika, na wewe kichwani ulikuwa na 12,000. Oda iliyokataliwa ikiwa 1 tu, unabaki na 75,000, kwa tangazo lilelile. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wafuasi wapya, tafuta kwa nini mzigo unarudi.

Sentimita
Kwa viatu na nguo unarudi kwa sababu ya saizi. "Namba 42" ya kiwanda kimoja si 42 ya kingine. Pima urefu wa soli ya ndani kwa sentimita uandike kwenye picha yenyewe, maana maelezo ya chini hayasomwi. Mteja naye apime mguu: karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote. Apime jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na miguu yote miwili, achukue kipimo kikubwa. Soli iuzidi mguu kwa sentimita 0.5 hadi 1.

Gauni lilaze mezani, pima kifua, kiuno na nyonga, zidisha kwa mbili. Andika pia kama kitambaa kinavutika. Rangi piga picha mlangoni kwa mwanga wa mchana. Taa za dukani hugeuza maruni kuwa nyekundu, na hapo ugomvi hauepukiki.

BodaMpangilio
Mkuu hapo juu kasema kweli, ila oda nyingi hurudi kwa sababu mteja hapatikani. "Niko Mbagala" si anwani. Kabla ya boda kuwasha pikipiki uwe na vitu vitatu: lokesheni ya WhatsApp, alama ya karibu (msikiti, kituo cha mafuta, shule), na namba ya pili ya simu. Asiyepokea simu asubuhi hiyo, mzigo hautoki.

Panga kwa njia. Tegeta na Mbezi Beach boda mmoja, Ukonga na Gongo la Mboto mwingine. Oda moja moja kwa kila safari itakumaliza. Na mteja alipe moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya duka mbele ya boda. Boda akishika fedha za oda nane, jioni hesabu haikubali na hamtajua nani kakosea.

Swali kwa mwanzisha uzi: kwa nini usidai nauli kwanza?

MzaniWaDuka
Inafaa. Nauli ilipwe kabla, bei ya bidhaa akipokea. Asiyekuwa na nia hukimbia hapohapo, umeokoa 8,000.

Wakala_wa_Menyu
Kuhusu malipo: usiamini meseji, wala picha ya skrini. Meseji ya muamala inatungwa ikafanana herufi kwa herufi. Fungua menyu ya malipo kwenye simu, angalia salio au miamala ya mwisho, ndipo utoe mzigo. Kama unapokea kwa namba ya kawaida, andika mapema "tuma na ya kutolea", vinginevyo makato ya kutoa yanakula faida yako. Tunza mazungumzo na risiti ya boda: mteja akidai alikosea namba ili arudishiwe fedha, huo ndio ushahidi wako.

Mikoani Kila Siku
Oda za mikoani ni malipo kamili kabla, hakuna mjadala, maana kwenye basi hakuna wa kukukusanyia hela. Andika jina na namba mbili kwa maka peni pande mbili za boksi, kisha zifunike kwa selotepu ili mvua isizifute. Mtumie mteja picha ya risiti, namba ya basi na muda wa kuondoka. Vyombo vya kioo: kila kimoja gazeti lake, kisha boksi ndani ya boksi, nafasi ijazwe. Tikisa, ukisikia kitu kinacheza, fungua upange upya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nunua ile mbadala kwa jumla.

StooGhorofani
Mnasahau mawinga, wale madalali wanaouza bidhaa zako bila kuwa na stoo yao. Winga anaposti picha za duka lako kwa bei yake, anapokea hela, anakuja kuchukua, bidhaa imeisha jana. Anayetukanwa ni yeye, lakini jina lako ndilo lililo kwenye boksi. Tengeneza kundi la WhatsApp la mawinga, kila siku saa tatu asubuhi tuma orodha ya saizi zilizobaki. Oda ya mtandaoni ikithibitishwa, kiatu kitoke rafuni hapohapo kiwekwe kwenye kapu lenye jina. Kikibaki rafuni kitauzwa kwa mteja wa mlangoni.

Ndugu wa kulipia fremu ya barabarani: kama oda nyingi ni za simu, piga hesabu ya chumba cha ghorofani. Mteja wa boda haoni fremu.

Wakala_wa_Menyu
Nyongeza: taarifa ya Lipa Namba inaonyesha mauzo, haionyeshi faida. Tunza risiti za manunuzi, la sivyo siku ya makadirio ya kodi TRA (mamlaka ya mapato) hutakuwa na cha kuonyesha kuwa 18,000 kati ya kila 30,000 ilikuwa mtaji.

BodaMpangilio
Na risiti za boda pia. Kadaftari tu, tarehe na sahihi yake.