Mtoto wa miaka minne hadaki mpira wala kuruka kwa mguu mmoja. Nisubiri?

Mama Kijana
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ametimiza miaka 4 juzijuzi. Anaongea vizuri na kumbukumbu yake ni kali. Shida iko kwenye viungo: mpira ukirushwa anafumba macho na kugeuza uso, kuruka kwa mguu mmoja anaishia kuinua kisigino, na penseli anaikamata kwa ngumi. Wenzake wakianza kukimbizana anakuja kukaa karibu nami. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ndugu wananiambia atakua tu. Je, nisubiri?

Baba Wawili
Usiwe na haraka, dada. Watoto hawalingani. Wapo wanaotembea kabla hawajatimiza mwaka, na wapo wanaofika miezi 17 ndipo wanaanza, na wote wazima.

Mwalimu wa Awali
Baba Wawili, kwa kutembea uko sahihi. Ila kudaka na kurusha ni ufundi, na ufundi hauji kwa kungoja. Mama Kijana, anza na puto, kwa sababu linashuka taratibu na haliumizi, hivyo woga wa uso unapungua. Akilizoea, mpe mpira mkubwa laini. Simama karibu, mrushie usawa wa kifua. Mwanzoni ataukumbatia kifuani badala ya kuudaka kwa viganja; mwache, ni hatua ya kawaida kabisa.

Kuruka: kwanza asimame kwa mguu mmoja huku umemshika mkono, kisha aruke kwa miguu yote miwili kutoka kwenye ngazi moja fupi. Mguu mmoja utafuata. Wengi huupata kati ya miaka 4 na 5, kwa hiyo hapo hajachelewa.

Kwa penseli, mpe vipande vifupi vya chaki. Kipande kifupi hakikamatiki kwa ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe.

Baba Wawili
Na muda gani kwa siku?

Mwalimu wa Awali
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili, 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Si kwa mkupuo, zinagawanywa kutwa nzima. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1.

Tabibu wa Viungo
Mama, kabla ya mazoezi nijibu haya. Kuna kitu alikuwa anakiweza akakipoteza? Akiinuka sakafuni, anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja? Anatembea kwa ncha za vidole muda wote? Upande mmoja ni dhaifu? Ukiona lolote kati ya hayo, usisubiri, mpeleke hospitali. Na macho yake yamewahi kupimwa?

Mama Kijana
Hayo manne hana. Macho hayajawahi kupimwa, na kweli huwa anasogelea sana kitu anachokitazama.

Tabibu wa Viungo
Basi anzia hapo. Asiyeuona mpira vizuri hawezi kuudaka hata ukimfundisha mwaka mzima. Puto na chaki viendelee wakati mkisubiri vipimo.

Mama Kijana
Asanteni sana, wiki hii nampeleka. Na kuhusu wenzake, nimsukume aingie kucheza nao?

Mwalimu wa Awali
Usimsukume kwenye kundi. Mwalike mtoto mmoja tu, mpole, wacheze puto wawili. Wakizoeana, ongeza wa pili.