GR86 au MX-5, zero kilomita: nilipe cha juu au nisubiri punguzo?

KijanaWaKikwajuni
Assalaam aleykum wana jukwaa. Niko Unguja, nataka gari ya spoti, mpya kabisa, si ya mkononi. Nimebakia na mbili: Toyota GR86 na Mazda MX-5. Kila ninapouliza bei naambiwa jengine. Mmoja kaniwekea cha juu mpaka nikahisi ananiuzia na meli inayoileta. Mwengine anasema atanipunguzia, lakini ukimwambia aandike anapotea siku mbili. Wapi kuna nafuu? Waliowahi kuagiza mpya tu wanijibu tafadhali.

FundiKwerekwe
Waaleykum salaam. Unaagiza kutoka wapi? Japan, Uingereza, au kwa wakala Dar? Bajeti? Oto au gia za mkono? Cha juu kiasi gani, na juu ya bei ipi? Hujasema hata moja katika hayo.

BintMkunazini
Na aseme anataka paa la turubai au gumu. MX-5 ya Japan yenye turubai ina injini ya lita 1.5, ile RF ya paa gumu ndiyo 2.0. GR86 ni 2.4. Hapo kodi ishaachana hata kabla hujakaa na muuzaji.

KijanaWaKikwajuni
Bajeti ipo. Gia za mkono. Inatoka Japan kupitia wakala wa kusafirisha.

KarafuuTupu
"Bajeti ipo" ndiyo nini yakhe? Hata mie wa Wete bajeti ipo, ya baskeli.

AltezzaDaima
Mie nasema mapema: zote mbili achana nazo. Tafuta Toyota Altezza safi, gia sita, injini ya 3S-GE, pesa itakayobaki nunua kiwanja Fuoni. Vipuri hata kwa kufumba macho unavipata.

FundiKwerekwe
Umeambiwa mpya, wewe unamletea gari ya mwaka 1998. Kila mada wewe na Altezza.

KijanaWaKikwajuni
Haya, nimeuliza tena. Cha juu ni dola 3,000 juu ya bei elekezi ya Japan, kwa GR86. Anasema gari za aina hii zinagombaniwa. MX-5 hakuweka cha juu ila anataka nisubiri. Huyo wa punguzo ni wa MX-5 pia, mtu mwengine.

BintMkunazini
Ahsante, sasa tunaongea. Mie nafanya kazi ya makaratasi ya forodha, nikwambie dola 3,000 zako zinakwenda wapi.

Ushuru wa forodha wa gari ndogo hapa Tanzania ni 25%, na unatozwa juu ya thamani pamoja na bima na nauli ya meli. Yaani cha juu kikiingia kwenye ankara, nacho kinatozwa. Juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya bidhaa: injini ya zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000 (lita moja mpaka mbili) ni 5%, ikizidi 2,000 ni 10%. GR86 imo kwenye 10%. Basi dola 3,000 zinakuwa 3,750, kisha 4,125, na hapo VAT haijagusa wala zile tozo ndogo ndogo. Muuzaji amekula elfu tatu, wewe umetoa zaidi ya elfu nne. Na usije ukadanganyika ukaandikisha ankara ya bei ndogo, thamani huwa wanaikagua wenyewe.

La pili, na hili ndilo watu hawaliulizi. Japan kuna kodi ya matumizi ya 10%, na bei wanayoitangaza huwa imo ndani. Gari ikisafirishwa nje, msafirishaji anarudishiwa. Gari ya yen milioni 3.3, laki tatu ndani yake ni kodi. Sasa muulize wakala wako: hizo 3,000 ni juu ya bei yenye kodi au isiyo na kodi? Kama ni juu ya yenye kodi, basi anakula kwako na anakula kwa serikali yao.

KarafuuTupu
Allah! Hili la kurudishiwa sikuwa nalijua. Na bado wanalia kwamba hawana faida.

UghaibuniMK
Nipo Uingereza, nisaidie upande wa huku. Usukani ni wa kulia kama nyumbani, kwa hiyo msidharau. Namba mpya za gari hutoka mara mbili kwa mwaka, Machi mosi na Septemba mosi. Wauzaji wana malengo wanayotakiwa wafikishe, na wakiona hawafiki wanasajili gari kwa jina lao wenyewe kisha wanaziuza kwa bei ya chini zikiwa na maili chache sana. Kwenye karatasi wewe ni mmiliki wa pili, kwenye kiti wewe ni wa kwanza. Punguzo la maana liko hapo, sio kwenye kubembelezana na kijana wa mauzo.

VAT ya huku ni 20% na gari inayosafirishwa nje haitozwi, lakini muuzaji lazima akubali kushughulika na ushahidi wa kusafirisha. Wengi hawataki. Watakwambia lipa yote kwanza, gari ikishafika tutazungumza. Usikubali kabla hujaona maandishi. Na spidi mita iko kwa maili, uzoee.

AltezzaDaima
Wazungu mnawasifia bure. Marekani 2021 na 2022 chipu za kompyuta za gari zilipoadimika wauzaji walikuwa wakibandika kibandiko cha pili pembeni ya kile cha bei kinachotakiwa na sheria, wameandika tu "marekebisho ya soko", maelfu ya dola. Na kiwanda hakiwezi kuwapangia bei kwa sababu wale ni wafanyabiashara wanaojitegemea, bei ya kiwanda ni ya kupendekeza. Ford mwaka 2022 iliwaonya wauzaji wake mpaka ikachoka.

FundiKwerekwe
Safari hii umesema kitu. Japan nako, Land Cruiser 300 ilipotoka 2021 wanunuzi walisainishwa kwamba hawataisafirisha nje ndani ya mwaka mmoja. Gari inayogombaniwa, muuzaji wa kule akihisi inakwenda nje anakunyima. Wakala anatafuta njia ya kuzunguka, na kuzunguka huko ndiko kunakoitwa cha juu.

MzeeWaMalindi
Wacheni niseme yalonifika mie, kisha muendelee na hesabu zenu.

Niliagiza gari mpya kupitia kampuni moja ya kusafirisha, jina nalihifadhi. Bei tuliyopatana ilikuwa chini ya bei elekezi. Nikatuma nusu. Haukupita muda barua ikaja: kiwanda kimepandisha, ongeza. Nikaongeza. Kisha ankara nyengine, ya vitu ambavyo sikuagiza: kapeti, dawa ya kulinda rangi, tinti, na kitu wamekiita "kifurushi cha bahari", mpaka leo sijui ni kitu gani. Nikikataa naambiwa gari ilishatoka navyo, havitengwi. Jumlisha vile vitu, punguzo lote lishamezwa na limedai zaidi.

Gari ikashuka bandari ya Malindi, hapa mjini. Viti vimevikwa nailoni, kilomita hazifiki hamsini, harufu ile mnayoijua. Mwanangu ndiye aliyechutama kwenye tairi. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne ndani ya duara refu lenye umbo la yai: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zilikuwa na miaka mitatu kasoro. Betri hoi, mpaka tukaishtua kwa waya ndipo ikawaka. Diski za breki zina kutu ya rangi ya chai. Yaani gari ilikuwa imesimama yadi muda wote huo, ndio maana mtu akaweza kunipunguzia. Nikawaandikia kwa hasira. Wakanijibu mstari mmoja: haijawahi kusajiliwa, kwa hiyo ni mpya.

Na juu ya hayo hati ya mzigo imekosewa herufi ya jina langu. Mpaka irekebishwe, gari inalala bandarini kwa pesa yangu.

Kijana, kabla hujatuma hata senti waambie wakupigie picha ya ubavu wa tairi zote nne. Akisita, ushapata jibu.

BintMkunazini
Pole mzee. Na ankara iseme wazi bei ya gari peke yake, nauli peke yake, bima peke yake, na mstari unaosema bei haipandi baada ya malipo ya mwanzo. Wakikataa kuandika ni wale wa siku mbili.

KarafuuTupu
Mie nina swali la msingi zaidi. GR86 chini imelala hivyo, matuta ya Mwanakwerekwe na ya Amani utayapita vipi? Kila tuta unalipanda kwa mshazari? Na Pemba usije nayo kabisa.

KijanaWaKikwajuni
Nitapita polepole. Wikiendi nakwenda Paje, barabara nzuri.

FundiKwerekwe
Nzuri mpaka ukutane na ng'ombe. Na ukikaa ufukweni na turubai ya MX-5, chumvi na jua vitakushughulikia. Mie ningechukua RF.

UghaibuniMK
RF ni 2.0, bado imo kwenye 5%. Mie pia naiunga mkono.

MustangNungwi
Mmesahau Mustang V8. Usukani wa kulia unatoka kiwandani tangu kizazi cha 2015. Lita tano, mambo yote mengine ni utoto.

BintMkunazini
Lita tano kwenye 10%, na petroli ya kisiwani. Wewe unamtakia mwenzio mema?

MustangNungwi
Kodi unalipa mara moja, sauti unasikia kila siku.

KijanaWaKikwajuni
Nimemuuliza wakala kuhusu ile kodi ya 10%. Kasema "tutaangalia". Nimemuuliza na picha za tairi, kasema gari bado iko kiwandani. Sasa kama iko kiwandani, anagombania na nani?

MzeeWaMalindi
Ndio hapo. Muombe barua ya muuzaji wa Japan yenye mwezi wa kutoka.

AltezzaDaima
Akiwa anasubiri barua, jamani nani ana rimu za inchi 17, tundu tano, za Altezza? Niko Kiembe Samaki.

FundiKwerekwe
Ninazo mbili, moja ina mpasuko mdogo nimeuchomelea. Zinakaa kwenye Altezza. Kijana usizitamani, GR86 tundu zake ni 5x100 (tano, kwenye duara la milimita 100), hizi ni 5x114.3.

KarafuuTupu
Rimu iliyochomelewa unamuuzia mtu? Bei gani?

FundiKwerekwe
Njoo inboksi.