Suti ya krimu mwezi wa saba Arusha: kitani, flana au kodrai?

MkaziWaSakina
Wadau, mwezi wa saba binamu yangu anaoa hapa Arusha. Ibada asubuhi, ukumbini usiku. Nataka kushonesha suti ya krimu, lakini kila ninayemwambia anasema msimu wa baridi ni nyeusi au bluu iliyokolea tu. Nimebaki na vitambaa vitatu: kitani, flana ya sufu na kodrai, kile cha mistari iliyoinuka. Mngechukua kipi?

FundiKaloleni
Flana, kaka. Rangi yako haina shida hata kidogo, cha kuangalia ni kitambaa. Kitani kinapitisha hewa, ndiyo maana watu wa Pwani wanakipenda. Hapa kwetu, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, saa tatu usiku utakuwa unatetemeka mbele ya maharusi. Flana huchanwa uso mpaka nyuzi zikasimama, na zile nyuzi ndizo zinazoshika joto. Tena haing'ai, na kwa krimu hilo ni jambo kubwa: krimu inayong'aa inaonekana ya ufukweni.

Tafuta ya gramu 300 kwa mita au zaidi. Ikiwa nyepesi, mifuko na shati ulilochomekea vyote vitaonekana kwa nje. Suruali iwekwe bitana mpaka chini ya magoti, na kitambaa cha mifuko kikaribiane na rangi ya suti. Nyeupe kali huchungulia.

MamaNjiro
Flana, naunga mkono. Ila tuzungumzie tope, maana asubuhi za Julai na yale manyunyu mnazijua. Pindo liguse kiatu tu, lisilalie. Tope likikurukia usilisugue likiwa bichi, litazama ndani ya nyuzi. Liache likauke, kisha pitisha brashi laini. Na maji ya moto marufuku, sufu itarudi.

KijanaWaMoshi
Kwa Moshi mjini mimi nachukua kodrai ya pamba, ile ya mistari membamba. Tuko chini kuliko Arusha, mchana ukikunjuka flana yenye bitana kamili inatoa jasho. Koti langu la krimu nililipata soko la mitumba la Memorial, fundi akabana kiuno na kufupisha mikono, limekaa vizuri sana. Sherehe ikiwa Machame au Marangu, huko juu mlimani kwenye baridi, hapo flana.

FundiKaloleni
Kodrai nzuri kwa koti peke yake, juu ya suruali ya sufu ya kijivu. Suti nzima, magoti yanatuna mapema na mistari inalala pale unapokalia.

MkaziWaSakina
Basi ni flana. Ndani nilifikiria shati jeupe na viatu vyeusi.

MamaNjiro
Hapana, mwanangu. Shati jeupe pepe litaifanya krimu ionekane imechakaa. Kanisani vaa bluu mpauko na tai ya sufu rangi ya damu ya mzee. Usiku badilisha, vaa sweta nyembamba ya shingo ndefu, kahawia au kijani kilichokolea. Viatu vya ngozi ya kahawia. Vyeusi vinaikata suruali ghafla mno. Na kabla hujampa fundi advansi, muulize binamu yako yeye anavaa rangi gani. Kama naye ni krimu, shona kijivu mpauko, flana ile ile.