Kuongeza jiko nyuma ya nyumba England: PD, idhini ya awali au kibali kamili?

Mjukuu wa Wete
Habari za saa hizi, wakuu. Nyumba ni ya safu (zilizoungana kuta), ya katikati, enzi za Victoria. Nyuma ina mkia (sehemu nyembamba ya asili inayotokeza nyuma) wenye jiko, na ubavuni mwa mkia kuna kichochoro cha mita 1.7. Upana wa nyumba nzima mita 5. Tunataka kutoka mita 4.5 kupita mkia, ghorofa moja, paa bapa. Si eneo la hifadhi ya majengo ya kihistoria. Kati ya PD (haki ya kujenga bila kuomba kibali), idhini ya awali (ombi jepesi kwa halmashauri kwa nyongeza inayopita kipimo cha PD ya kawaida) na kibali kamili, ipi ina usumbufu mdogo?

Kipimo
Mkuu, kwa mita 4.5 PD ya kawaida imeshakuacha. Nyumba ya safu au pacha hutoka mita 3 tu kutoka ukuta wa nyuma wa asili. Inayosimama peke yake, mita 4. "Asili" ni nyumba ilivyokuwa 1 Julai 1948, au ilivyojengwa kama ni ya baadaye. Mwenye nyumba wa zamani akiwa aliongeza mita 2, hizo zinakatwa kwenye zako. Wengi hupima kutoka ukuta wanaouona leo, na hapo ndipo wanapoumia.

Ada zilizoanza 1 Aprili 2025 (huongezwa kila Aprili kufuata mfumuko wa bei): PD bure, na cheti cha uhalali (cha kuthibitisha kwamba hukuhitaji kibali) ukikitaka pauni 264, idhini ya awali 240, kibali kamili 528. Tovuti ya maombi hudai tozo yake juu ya hapo.

Idhini ya awali inakufikisha mita 6, na halmashauri ina siku 42. Karatasi zake nyepesi: nyongeza inatoka mita ngapi, kimo chake cha juu kabisa, kimo cha upenu, ramani ya kiwanja na anwani za nyumba zinazopakana. Majirani hupewa siku 21. Wote wakinyamaza, suala la mwanga wa madirisha yao halifunguliwi. Mmoja tu akipinga, athari hupimwa kwa wote wanaopakana. Wapelekee ramani mapema, na sambusa juu yake.

Nahodha
Nakubaliana na Kipimo, ila angalieni kimo. Sehemu yoyote ya nyongeza ikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka, upenu haupiti mita 3. Kwenye nyumba ya upana wa mita 5 hukwepi hilo.

Piga hesabu. Sakafu za nyumba hizi mara nyingi ziko sentimita 30 hivi juu ya bustani. Chumba sentimita 240, gypsum 1.5, mbao za paa 20, insulesheni 15, ubao wa juu 2.5. Jumla 309. Umeshapita, na hujaweka hata utando wa kuzuia maji. Dawa ni kushusha sakafu mpya kidaraja kimoja cha sentimita 15, au kukubali chumba kifupi kidogo. Na ukipandisha bustani kwa kifusi, hupati nafuu: kipimo huanzia ardhi ya asili.

Bi Msanifu
Mjukuu, hujasema kama mnaziba na kichochoro. Jibu lote linategemea hilo.

Mkitoka moja kwa moja nyuma ya mkia tu, idhini ya awali inatosha. Mkizunguka mkia kwa umbo la L, njia hiyo imefungwa. Nyongeza inayopita ukuta wa ubavuni haitakiwi kuzidi nusu ya upana wa nyumba ya asili, kwenu mita 2.5, na umbo la L hupimwa kama kitu kimoja, yaani mita 5 zote. Ombi litarudishwa na siku 42 zimekwenda bure. Hapo lipa ada uombe kibali kamili. Muda wa kisheria ni wiki 8, kibali hudumu miaka 3 kabla ya kuanza kazi, na wakikataa una wiki 12 za kukata rufaa.

Kinachorudisha maombi mengi ni hati ya umiliki, yaani tamko kwenye ombi la nani anamiliki ardhi inayojengwa. Gata au msingi ukivuka mpaka hata sentimita 10, huwezi kujaza Hati A (ardhi yote ni yako). Unajaza B na kumpa jirani notisi rasmi. Ficha gata nyuma ya ukuta, ndani ya mpaka wako. Ramani ya eneo iwe 1:1250 yenye mstari mwekundu, ya kiwanja 1:500, za nyumba 1:50 au 1:100, za sasa na za baadaye.

Nondo
Msichanganye na kwetu, ambako ramani ya msanifu na ya mhandisi hupitishwa pamoja kwenye kibali kimoja cha ujenzi. England kibali hakigusi msingi wala nondo. Mkaguzi wa majengo anaombwa kivyake. Kwenye udongo wa mfinyanzi msingi wa mita 1 ni mwanzo tu. Mti mkubwa ukiwa karibu, unazama zaidi. Bomba la maji taka la umma likiwa ndani ya mita 3, omba ruhusa ya kampuni ya maji kabla ya kuchimba.

Sheria ya Ukuta wa Pamoja ya 1996 nayo iko peke yake. Kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, chini zaidi ya msingi wake: notisi ya mwezi 1. Kugusa ukuta wenyewe: miezi 2. Jirani asipojibu ndani ya siku 14, huhesabiwa amekataa, na gharama za wapimaji wa kutatua mgogoro huo kwa kawaida zinakuangukia wewe. Tuma notisi wakati ombi bado liko halmashauri.

Mjukuu wa Wete
Shukrani. Kichochoro tunakiacha. Je, fundi akianza kuchimba tukisubiri hizo siku 42?

Kipimo
Hapana. Idhini ya awali haitolewi kwa kazi iliyokwisha anza. Ukianza, mlango unaobaki ni kibali kamili cha baada ya tendo. Na tangu 25 Aprili 2024 halmashauri za England zina miaka 10 ya kukufuatilia, si 4 kama zamani. Mkimaliza, waarifuni kwa maandishi. Ni sharti la idhini hiyo, na wengi hulisahau.