Mume wa mamdogo kalelewa kwenye nyumba za masista Ayalandi, kweli anaweza kulipwa akiwa huku Jambiani?

mtu_wa_jambiani
Asalam alaykum wakubwa. Mume wa mamdogo wangu ni mzee wa Kiayalandi, kahamia huku zamani, kasilimu, bao anawafunga vijana barazani mpaka wanamkimbia. Kumbe kazaliwa kwenye zile nyumba walizokuwa wakifichwa wasichana waliopata mimba bila ndoa, akakaa hapo mpaka karibu miaka minne ndo akatolewa kwenda kulelewa shambani kwa watu, mama yake hajamuona tena. Sasa kuna mtu kamuandikia WhatsApp eti serikali ya kwao inalipa, amtumie pasipoti na akilipwa ampe asilimia 20. Mzee mwenyewe hataki kusikia, anasema mie nilikuwa mtoto, sikumbuki hata kama nilipigwa, nitakwenda kusema nini? Mamdogo ndo kanituma niulize, pesa ipo au utapeli? Yeye ana kikaratasi cha ubatizo tu, kakitia mfuko wa plastiki ndani ya kopo la biskuti.

forodhani_usiku
Waalaykum salam. Pesa ipo, huyo wa WhatsApp mblokini leo leo. 2021 ilitoka ripoti ya nyumba hizo, waziri mkuu wao Micheál Martin kaomba radhi bungeni, halafu mpango wa malipo ukafunguliwa Machi 2024. Kuomba ni bure na si lazima uwe unaishi kule. Hilo la kukumbuka asijitie unyonge, hawaulizi ulipigwa au hukupigwa, wanaangalia ulikaa muda gani. Aliyekuwa mtoto awe kakaa miezi 6 au zaidi, na nyumba yenyewe iwe kwenye orodha, ziko 44. Malipo yanaanzia yuro 5,000 mpaka 125,000, ila hiyo ya juu ni ya kinamama waliokaa miaka mingi na kufanyishwa kazi bila ujira, asiipigie hesabu. Kuna na kadi ya matibabu, lakini kadi ile hospitali ya Mnazi Mmoja utamuonesha nani, basi aliye nje anaruhusiwa kuchukua yuro 3,000 badala yake. La kuangalia ni moja, kabla ya kupokea anasaini kuwa hatoishtaki tena serikali, asitie saini mpaka aongee na wakili, na gharama ya wakili huyo serikali inachangia.

wete_kwetu
Yakhe mie miezi 6 hiyo ndo inonikera. Aliyekaa mitano hapati kitu, kwani yeye hakutengwa na mama yake? Na tusiwacheke, hapa kwetu Zanzibar 1897 utumwa ulipofutwa fidia walilipwa mabwana, mtumwa ikabidi aende mwenyewe akaombe uhuru wake, asiyekwenda kabaki pale pale. Mzee wa watu ana haki ya kununa.

bwawani
Anune lakini ajaze fomu 😅 Wale wa Mau Mau nao 2013 Uingereza ilitoa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, ukigawa hata 4,000 haifiki kwa kichwa, tena wameshazeeka, na wamechukua. Hakuna aliyesema ndo thamani ya walichofanyiwa.

forodhani_usiku
Nilisahau kikaratasi. Kinatosha kuanzia, majalada wanatafuta wenyewe. Tena kuna sheria ya 2022 inampa mtu haki ya kupewa cheti chake cha kuzaliwa na habari zake za utotoni, hata jina la mama likiwemo.

mtu_wa_jambiani
Shukran sana. Nimemsomea yote, kwenye pesa hakutia neno, hapo pa jina la mama ndo kaniambia rudia. Sasa hiyo inakwenda na fomu ile ile ya malipo?

forodhani_usiku
La, ni ombi mbali, unawapelekea Tusla, ndo wakala wao wa mambo ya watoto. Bure nayo. Mwambie aanze na hiyo kama ndo inayomuingia moyoni, ya pesa itafuata.