Miwani ya kulengea shabaha: ya kazi, ya kijeshi au ya lenzi za kubadilisha?

Mgeni_wa_Shabaha: Wakuu, nimeanza kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, na mke wangu anajifunza bastola. Nimebaki na aina tatu: miwani ya kazi yenye alama ya Z87+, kiwango cha Marekani cha kinga ya macho (3M, Uvex), ya kijeshi (ESS), au ya michezo yenye lenzi za kubadilisha (Pilla, Randolph). Bei ni mbingu na ardhi. Ipi inalinda jicho hasa?

Fundi_Mtutu: Mkuu, soma kwanza maandishi yaliyochapwa kwenye lenzi na fremu. Z87+ imepigwa kigololi cha chuma cha milimita 6.35 kwa mwendo wa mita 46 hivi kwa sekunde, kisha ikaangushiwa uzito wa nusu kilo wenye ncha. Z87 bila alama ya kujumlisha haijapita jaribio hilo la pigo kali. Kwa za Ulaya zenye alama ya kiwango cha EN 166, tafuta herufi F. Ya kijeshi ya Marekani, yenye kiwango cha MIL-PRF-32432, hupigwa kipande cha chuma chenye kipenyo cha inchi 0.15 kwa mita karibu 200 kwa sekunde. Ni chepesi kuliko kigololi, lakini nishati yake ni kama mara saba. Mimi ningechukua hiyo bila kusita.

Dada_wa_Skeet: Fundi yuko sahihi kuhusu pigo, ila kwenye sahani rangi nayo ina kazi. Sahani ya kimataifa ina kipenyo cha sentimita 11 tu, na inakwenda kasi. Ikiwa ni ya chungwa na nyuma kuna miti, lenzi ya zambarau hufifisha kijani, sahani ikajitokeza. Mawingu yakitanda, njano. Jua kali, kijivu au kahawia. Na miwani usivue hata ukiwa unasubiri zamu: kwenye skeet, mchezo wa kulenga sahani ukihama kituo hadi kituo, stesheni ya 8 sahani huvunjwa karibu na kichwa, vipande vinawarukia wote.

Mgeni_wa_Shabaha: Asante dada. Mimi navaa miwani ya daktari. Si inatosha?

Fundi_Mtutu: Haitoshi, kaka. Lenzi za kawaida za kusomea hazikupimwa kwa pigo kali, na pembeni ziko wazi. Agiza lenzi za polikaboneti (plastiki ngumu) za namba yako kwenye fremu yenye Z87-2+, alama ya fremu za lenzi za namba, au vaa miwani ya kinga pana juu ya hiyo yako. Kuna na vile vilenzi vya kupachika ndani, lakini hushika ukungu upesi.

Mama_Kumi_na_Tano: Kwa shemeji wa bastola, aangalie nafasi kati ya nyusi na fremu. Ganda la risasi likiwa la moto likidondokea hapo, mtu hushtuka, mkono unapanda usoni na mtutu unageukia wenzake. Fremu ikae karibu na nyusi, na kofia yenye kibaraza isaidie. Mikono ya miwani iwe myembamba. Ikiwa minene, vikinga masikio havifungi vizuri na kelele inapenya.

Dada_wa_Skeet: Na usiifute kavu kwa fulana. Maji na sabuni laini kwanza. Dawa ya kusafishia mtutu isiiguse kabisa, hupasua polikaboneti.

Mgeni_wa_Shabaha: Basi mke wangu nampa ya kijeshi. Yangu ni fremu yenye Z87-2+, lenzi ya njano na ya kahawia za namba yangu.

Fundi_Mtutu: Sawa kabisa. Ukiletewa, kagua alama kwenye kila lenzi, si kwenye fremu peke yake.