Naombeni ushauri: Abiy au Ahmed kwenye kitabu cha Kiingereza?

KalamuYangu: Habari za jioni wanajukwaa. Nahariri kitabu cha Kiingereza kuhusu siasa za Pembe ya Afrika. Kanuni yetu ni ile ya kawaida: kiongozi akitajwa mara ya kwanza anapewa majina kamili, baada ya hapo jina la mwisho tu. Macron, Merkel, Guelleh wa Jibuti, hakuna shida. Nikifika kwa Waziri Mkuu wa Ethiopia, kanuni inanipa "Ahmed", ila magazeti mengi ya Kiingereza yanaandika "Abiy". Kesho asubuhi kurasa zinakwenda kiwandani. Nifuate lipi? Usingizi umenipaa.

Mtarjumani: Andika Abiy. Ahmed ni jina la baba yake, Ali ni la babu: Abiy Ahmed Ali. Kwa desturi Waethiopia hawana jina la ukoo la kurithishana. Ukiandika "Ahmed aliamua", umemtwisha baba mtu maamuzi ya mwanawe. Ndiyo maana hata kwa Kiingereza viongozi wa zamani wa Ethiopia tunawasoma Meles, si Zenawi, na Mengistu, si Haile Mariam. Ukitaka kuweka "Bwana" mbele, basi ni Bwana Abiy.

DerevaWaUsiku: Umenikumbusha mbali. Fomu ya viza ilitaka jina la ukoo, nikajaza la babu. Tiketi ikatoka na la baba. Pale dirishani uwanja wa ndege nikaulizwa mimi ni yupi kati ya hao wawili. Mke wangu alikuwa ameshapita, ananisubiri upande wa pili na mabegi yote.

ShangaziMkali: Mwanangu, jina la mtu ni heshima yake. Mtu anaitwa anavyojiita, si anavyopangiwa na kanuni za ofisini kwenu. Na kazi ya kesho huulizwa leo usiku?

NuktaPacha: Kuwa makini yasikukute ya yule mtangazaji wa televisheni ya taifa ya India mwaka 2014. Alikutana na jina la Rais wa China, Xi Jinping, kwenye habari, akadhani Xi ni namba ya Kirumi, akasoma "Kumi na Moja Jinping". Kibarua kikaota nyasi. Na kwa Xi, jina la ukoo ndilo la mbele.

MzeeKirago: Wajapani nao hivyo hivyo. Mwaka 2019 waziri wao wa mambo ya nje, Taro Kono, aliviomba vyombo vya habari vya nje vimwandike waziri mkuu wao wa wakati huo Abe Shinzo, ukoo mbele. Orbán kwao Hungaria ni Orbán Viktor, Kiingereza ndicho kinachomgeuza. Aung San Suu Kyi wa Myanmar hana jina la ukoo kabisa. Kiingereza kina kanuni moja, dunia ina majina ya kila namna.

Mtarjumani: @KalamuYangu, mkuu, kitabuni imeandikwaje sasa hivi? Na nani mwingine kaandika humo?

KalamuYangu: Ni Ahmed tangu sura ya kwanza. Kuna jambo sikulitaja. Dibaji imeandikwa na msomi Mwethiopia, naye kaandika Abiy kila mahali. Nimeshaanza kuibadilisha ifanane na sura nyingine. Sioni ubaya. Kitabu kimoja kikimwita mtu kwa majina mawili, msomaji mgeni atadhani ni watu wawili.

ShangaziMkali: Umemwambia mwenyewe?

KalamuYangu: Yuko safarini, barua pepe anajibu polepole. Na kanuni si yangu, ni ya nyumba ya uchapishaji.

Mtarjumani: Jina litakalokaa chini ya dibaji ni lake, si lako. Haya, Rais wa Eritrea umemwitaje?

KalamuYangu: Isaias.

Mtarjumani: Kwa nini si Afwerki?

KalamuYangu: Kila mtu anamwita Isaias.

Mtarjumani: Basi kanuni umeshaivunja. Fungua unapoeleza tamko la amani la Asmara, Julai 2018. Wawili wanatia saini meza moja, mmoja kwa jina lake, mwenzake kwa la baba yake.

NuktaPacha: Mimi uzi huu naona umetungwa. Msomi aandike dibaji asimwone Ahmed humo ndani? Huyu ni mwanachuo, mnamfanyia kazi ya darasani bure.

DerevaWaUsiku: Hata mimi nimeanza kunusa. Kurasa zinaondoka asubuhi, mtu bado yuko jukwaani saa hizi?

MzeeKirago: Hata ingekuwa kazi ya darasani, jibu ni lilelile. Na dibaji zinazoandikwa bila kitabu kusomwa chote ni nyingi kuliko mnavyodhani. Acheni kumkaba.

NuktaPacha: Basi atuonyeshe kitu.

KalamuYangu: Sijatunga. Alitumiwa muhtasari na sura mbili za historia, zinazoishia kwa Mengistu. Faharasa herufi A iko hivi:

Afwerki, Isaias: *tazama* Isaias
Ahmed, Abiy: kuingia madarakani 2018, Tuzo ya Nobel ya Amani 2019
Ahmed, Sharif Sheikh: rais wa Somalia 2009–2012

Mtarjumani: Asante. Aliyemkuta Abiy kwenye dibaji akimtafuta humu kwa jina hilo, hampati. Rudisha dibaji ilivyokuwa. Kwenye sura badilisha Ahmed kuwa Abiy, moja moja kwa jicho. Ukiiagiza kompyuta ibadilishe zote kwa mpigo, utapata rais wa Somalia aitwaye Sharif Sheikh Abiy. Faharasa iwe "Abiy Ahmed", bila mkato, na chini yake "Ahmed, Abiy: tazama Abiy Ahmed". Mwanzoni mwa kitabu weka maelezo mafupi kuhusu majina ya Kiethiopia na Kieritrea.

KalamuYangu: Na bosi?

MzeeKirago: Mpigie kabla hajalala. Muulize kwa nini Isaias alipita.

KalamuYangu: Nimempigia. Kasema kama Isaias kapita, Abiy naye apite, ila maelezo ya mwanzoni yasizidi nusu ukurasa. Dibaji nimeirudisha neno kwa neno, na mwenyewe nimemwandikia nilichotaka kufanya. Sasa niko sura ya nne, Sharif nimemwona na nimemwacha salama.

NuktaPacha: Sawa, nimekuamini. Guelleh je?

KalamuYangu: Guelleh anabaki Guelleh. Hata magazeti ya Kiingereza yanamwita hivyo.